Pembe ya Mawimbi na Pete ya Fundi

Mtu asimamaye ufuoni saa za alasiri, kusi ikivuma na jahazi limekwisha tweka tanga na kuanza kuitafuta bahari, akakumbuka ghafla ya kuwa liko neno hakumwambia nahodha, hufanya jambo ambalo hakufundishwa na mwalimu yeyote: huinua viganja vyake viwili, akavikutanisha kandokando ya kinywa chake, akaita. Akiona nahodha hakugeuka, huvibana viganja na kuvisogeza mbele, ili sauti isipotee kushoto na kulia bali ifuate mstari mmoja kuelekea shetri ya chombo. Na lau angekuwa anawaita wavuvi wote waliotawanyika pwani nzima, angeviacha viganja vikae wazi, au angeviondoa kabisa. Katika kitendo hicho kidogo, kilicho cha kale kuliko vyombo vyote vya chuma, imo asili ya elimu ninayokusudia kuieleza hapa, yaani elimu ya kuunda pembe ipelekayo mawimbi ya redio upande yanakotakiwa na kuyanyima upande yasikotakiwa, na iwezayo, haja ikibadilika, kubadili sura ya mtawanyo wake bila ya kutupwa na kuundwa nyingine.

Pwani yetu si ngeni kwa pembe. Mafundi waliochonga siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, na wale walioisubu siwa ya shaba ya Lamu, ambazo zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, walijua kwamba pumzi ya mtu mmoja, ikitiwa katika tundu jembamba na kuongozwa polepole hadi kwenye kinywa kipana, hutoka na haiba ambayo kifua peke yake hakiwezi kuitoa. Tena liko jambo moja katika siwa ambalo kila mhandisi wa mawimbi akiliona hulitambua mara moja: siwa haipulizwi mwishoni mwake, hupulizwa ubavuni, karibu na ncha iliyo nyembamba. Antena ya pembe nayo aghalabu hulishwa ubavuni. Kijiti kifupi cha shaba huingia katika bomba lake kwa kupitia ukuta mmoja, karibu robo ya urefu wa wimbi kutoka ule mwisho uliozibwa, na hapo ndipo mawimbi yanapozaliwa. Sisemi haya ili kudai ya kuwa wahenga waliijua redio, kwani dai hilo lingekuwa la uongo. Nayasema kwa sababu sauti na redio, ijapokuwa ni vitu viwili mbalimbali, zina tabia hii moja, kwamba wimbi lisafirilo ndani ya bomba likifika ghafla kwenye uwazi mkubwa, sehemu yake hurudi lilikotoka, ilhali likifunguliwa njia hatua kwa hatua hutoka lote, au karibu lote.

Mawimbi tunayoyazungumzia si yale marefu yaletayo taarifa ya habari katika redio ya kawaida, ambayo urefu wake huweza kufika mamia ya mita; haya ni mafupi mno. Wimbi lenye masafa ya gigaherzi 4, maana yake litetemalo mara bilioni 4 katika sekunde moja, lina urefu wa sentimita 7.5, kadiri ya upana wa kiganja cha mtu mzima, na lile la gigaherzi 12 lina sentimita 2.5 tu. Ufupi huo ndio unaoliwezesha kupita ndani ya bomba la chuma lililo tupu, kwa kuwa bomba la pande nne halipitishi wimbi isipokuwa upana wake umezidi nusu ya urefu wa wimbi lenyewe. Bomba la kupitishia mawimbi ya redio ya kawaida lingekuwa pana kuliko msikiti wa Ijumaa. La gigaherzi 12 hutosha katika kiganja.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuitumia pembe ya namna hii alikuwa Jagadish Chandra Bose, mzaliwa wa Bengali na mwalimu wa chuo cha Presidency mjini Calcutta, ambaye mwezi wa Januari mwaka 1897 aliwaonyesha wataalamu wa Royal Institution mjini London vyombo alivyovibuni mwenyewe, vikiwamo vya kuzalisha mawimbi ya milimita chache tu, na pamoja navyo pembe ya chuma yenye pande nne iliyofunguka kama faneli, nayo akaiita faneli ya kukusanyia. Ulimwengu wa siku zile ulikuwa na shauku ya mawimbi marefu yavukayo bahari, na kazi ya Bose ikawekwa kando kwa miaka takriban 40, mpaka mwaka 1936 George Southworth wa maabara ya Bell na Wilmer Barrow wa chuo cha MIT, kila mmoja akifanya kazi bila ya kujua habari za mwenziwe, walipobainisha upya ya kuwa mawimbi huweza kusafiri ndani ya bomba tupu na kutoka kwa njia ya pembe. Vita Kuu vya Pili, kwa sababu ya rada, vilifanya yaliyosalia.

Akili ya kawaida hudhani kwamba kinywa kipana hutoa mwali mpana, na kinywa chembamba hutoa mwali mwembamba, kama mlango ulio wazi umwagavyo nuru nyingi zaidi barazani kuliko tundu la ufunguo. Walakini mawimbi yana sheria yake, na sheria hiyo iko kinyume. Tuchukue mfano wa wapiga dufu waliojipanga safu moja usiku wa maulidi, kila mmoja akipiga kwa wakati mmoja na mwenziwe. Msikilizaji aliyekaa mbele, mkabala na katikati ya safu, hupokea mapigo yote kwa pamoja, nayo humjia kama pigo moja zito. Lakini aliyekaa upande, mapigo ya waliomkaribia humfikia kwanza na ya walio mbali humfikia baadaye, yakavurugana na kufifishana. Safu ikiwa fupi, tofauti hiyo ni ndogo, na walio pembeni husikia karibu sawa na walio mbele. Safu ikiwa ndefu, hatua chache tu kutoka katikati zatosha kuleta vurugu. Kinywa cha pembe ndiyo safu hiyo, na kila sehemu ya uwazi wake ni mpiga dufu mmoja. Kwa hiyo kinywa kikiwa na upana wa mawimbi mawili, ambao kwa gigaherzi 4 ni sentimita 15, mwali wake hutanda kiasi cha digrii 30. Kikiwa na upana wa mawimbi manne, yaani sentimita 30, mwali hukonda hadi kiasi cha digrii 15. Mwali huo wataalamu huutazama kama ulimi, wakauita ulimi mkuu. Na pembezoni mwake hutokeza ndimi nyingine ndogo, ambazo ni mabaki ya mapigo yaliyovurugana bila ya kufutana kabisa. Kazi yote ya kusanifu pembe ni kuulea ulimi mkuu na kuzitia adabu ndimi za pembeni.

Basi mtu angeweza kusema: dawa ni kufungua kinywa tu. Lakini pembe fupi yenye kinywa kipana huwa na kasoro yake, kwa kuwa wimbi lililotoka kooni hufika katikati ya kinywa kabla ya kufika kingoni, na ile safu ya wapiga dufu, badala ya kunyooka, hujipinda kama mwezi mwandamo, wa katikati wakipiga kabla ya wa pembeni. Wasanifu wamejiwekea mpaka: upinde huo usizidi robo ya urefu wa wimbi katika upande mmoja wa pembe, na sehemu tatu katika nane za urefu wa wimbi katika upande wa pili. Kwa wimbi letu la sentimita 7.5 ni kusema sentimita 1.9 kwa upande huu na 2.8 kwa upande ule. Atakaye kinywa kipana, na atoe urefu wa kiwiliwili. Ndiyo sababu pembe zenye mwali mwembamba sana ni ndefu kama majahazi.

Pembe mbili za Marekani zinastahili kukumbukwa kila panapotajwa elimu hii. Ya kwanza ilikuwa ya mbao nyembamba zilizovikwa shaba, nayo ilichomozwa dirishani katika jengo la chuo kikuu cha Harvard na kijana Harold Ewen, chini ya uongozi wa mwalimu wake Edward Purcell. Mvua ilipokuwa ikinyesha, pembe ile iliyoelekea juu ilipokea maji na kuyaleta ndani kama mfereji wa paa, na wanafunzi waliopita chini wakati wa baridi waliona ni shabaha njema ya kutupia madonge ya theluji. Hata hivyo tarehe 25 Machi 1951 pembe ile ilisikia sauti ya haidrojeni itandayo kati ya nyota, katika wimbi la sentimita 21, ambayo mwanafalaki wa Uholanzi aitwaye van de Hulst alikuwa ameibashiri kwa hesabu tangu mwaka 1944.

Ya pili ilijengwa mwaka 1959 huko Holmdel, katika jimbo la New Jersey, na maabara ya Bell, kwa ajili ya kupokea mwangwi wa redio kutoka kwa Echo, puto kubwa lenye kipenyo cha mita 30 lililorushwa angani Agosti 1960. Ilikuwa ya alumini, urefu wake kiasi cha mita 15 na kinywa chake mita 6 kwa 6, na mwishoni mwa kiwiliwili chake kilichofunguka kilikuwako kipande cha kioo cha chuma kilichopinda, kilichoyageuza mawimbi upande na kuyanyoosha. Kwa nini watu wajitaabishe kujenga pembe yenye uzito wa tani 18, ilhali dishi la kawaida lingekusanya mawimbi kiasi kile kile kwa gharama iliyo nafuu? Jawabu lake ndilo roho ya makala haya, kwa hiyo namwomba msomaji anipe wasaa.

Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya redio, na wataalamu huyapima mawimbi hayo kwa vipimo vya joto viitwavyo kelvini. Ardhi yetu ya pwani, siku yenye joto la digrii 27 za selsiasi, iko katika kelvini 300. Mbingu iliyo safi, katika masafa ya gigaherzi 4, ni kelvini chache tu. Antena iangaliayo juu, ikiwa na ulimi mdogo wa pembeni ulioteleza na kuilamba ardhi, hupokea joto la ardhi pamoja na ujumbe wa mbinguni, na asilimia 1 tu ya mapokezi yake ikielekea ardhini huiongezea kelvini 3. Pembe ya Holmdel ilijengwa ili ulimi wa namna hiyo usiwepo. Kinywa chake kilikuwa kimezungukwa na kuta zake yenyewe, na nyuma yake haikuona kitu.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walipoielekeza mbinguni katika wimbi la sentimita 7.35, walikuta joto lililozidi kwa takriban kelvini 3.5, lisilobadilika mchana wala usiku, masika wala kiangazi, popote walipoielekeza. Waliwafukuza njiwa waliokuwa wameweka kiota kooni mwake, wakaosha kinyesi chao, wakaziba maungio ya mabati kwa utepe wa alumini. Joto likabaki pale pale. Katika mji jirani wa Princeton, Robert Dicke na wenzake walikuwa wakijiandaa kulitafuta joto hilo hilo, na pande mbili zilipokutana ikabainika kwamba lile lilikuwa salio la joto la mwanzo wa ulimwengu. Habari ilichapishwa mwaka 1965, na mwaka 1978 Penzias na Wilson walipata Tuzo ya Nobel. Watu husifu bahati yao, na mimi nasifu pembe. Kwani lau ingekuwa imevuja asilimia 1 tu ya ardhi, kelvini zile 3 zingefunikwa na kelvini 3 za udongo, na wawili wale wasingekuwa na haki ya kusema neno.

Tumekwisha kuona basi kwamba sura ya mtawanyo wa pembe si pambo, ni kiini cha kazi yake. Lakini pembe sahili ya pande nne ina dosari ya maumbile. Nguvu ya umeme ya wimbi haiwezi kulala juu ya uso wa chuma; kwa hiyo kwenye kuta mbili za ubavuni, ambako nguvu hiyo ingelazimika kulala, hufifia mpaka ikaisha, na kwenye sakafu na dari, ambako husimama wima, hubaki kamili hadi ukingoni. Upande mmoja wimbi huisha kwa upole, na ndimi zake za pembeni hazizidi sehemu moja katika mia mbili za ulimi mkuu. Upande wa pili hukatwa ghafla kama kitambaa kilichopasuliwa, na ndimi zake hufika sehemu moja katika ishirini. Mwali wake kwa hivyo si wa mviringo, wala haumfai mtu mwenye dishi la mviringo.

Mwaka 1963 P. D. Potter, wa maabara ya Jet Propulsion huko California, alitoa hila yenye uzuri wa kihisabati: aliongeza kijidaraja ndani ya koo la pembe ya mviringo, na daraja hilo likazalisha kutoka katika wimbi la kwanza wimbi la pili lenye mpangilio mwingine, yakasafiri pamoja, na urefu wa pembe ukapimwa ili mawimbi hayo mawili yafike kinywani kwa hatua moja, yakijazana katikati na kufutana ukingoni. Katika miaka ile ile wengine, Alan Kay akiwa mmoja wao, walichukua njia tofauti, ya kuuchimba ukuta wa ndani wa pembe mifereji ya kuzunguka, yenye kina cha kama robo ya wimbi, na mifereji hiyo huufanya ukuta uonekane sawa kwa wimbi kila upande, ukaufanya mwali uwe wa mviringo kama mwezi wa siku ya kumi na nne.

Na hapa ndipo wazo la kurekebisha linapoingia, kwa kuwa atazamaye hila ya Potter kwa makini hujiuliza mara: ikiwa sura ya mwali inategemea kiasi cha wimbi la pili kilichochanganywa na la kwanza, kwa nini kiasi hicho kifungwe katika chuma milele? Wimbi la pili likipewa mlango wake wenyewe, na mlango huo ukawekwa kirekebishi cha nguvu na cha wakati, mwali waweza kupanuliwa na kubanwa, pembe yenyewe ikiwa haijaguswa. Na likichaguliwa wimbi la pili lisilolingana pande zote, mwali huweza hata kuegemezwa kidogo upande, au pembe ikaweza kutambua kwamba satelaiti imeanza kuponyoka kushoto kabla haijaponyoka. Wengine husogeza kipande cha plastiki ndani ya kinywa, kwa kuwa plastiki hulichelewesha wimbi na kuunyoosha ule upinde wa mwezi mwandamo. Wengine huweka kwenye mifereji vidude vya kielektroniki vinavyofungua na kufunga njia ya umeme kwa kufumba na kufumbua. Wengine hupitisha metali iliyo maji katika vijimirija, wakaugeuza ukuta wa pembe wapendavyo.

Zote ni kazi za kusifiwa, lakini hakuna iliyo bure. Kidude cha kielektroniki hula sehemu ya wimbi na kutoa joto, na katika mapokezi hafifu joto hilo ni hasara ile ile waliyoikimbia watu wa Holmdel. Fauka ya hayo, kila kinywa kinapobadilishwa, hubadilika pia kiasi cha wimbi kinachorudi kooni, na msanifu aliyetazama sura ya mwali peke yake akasahau marejeo hayo atakuta siku ya jaribio kwamba amepata mwali mzuri usio na nguvu. Ndiyo maana hesabu hufanywa kwanza katika kompyuta, pembe ikikatwakatwa katika maelfu ya vipande vidogo na sheria za Maxwell, zitawalazo mawimbi haya, zikihesabiwa katika kila kimoja, kisha pembe huchongwa, ikapelekwa katika chumba kilichotandikwa kuta zote sponji nyeusi zenye umbo la miiba, ambazo humeza mawimbi yasirudishe mwangwi. Hapo huzungushwa digrii baada ya digrii mbele ya pembe nyingine ambayo tabia yake inajulikana. Umbali baina yao una kanuni: kipenyo cha kinywa kikipigwa kwa chenyewe, mara mbili, kikagawanywa kwa urefu wa wimbi. Kwa kinywa cha sentimita 30 na wimbi la sentimita 7.5, ni mita 2.4; karibu zaidi ya hapo, mwali hauonyeshi sura yake ya kweli.

Sasa naomba tuondoke maabarani tupande juu ya dari. Katika miji ya pwani, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, yako madishi makubwa ya wavu, ambayo wengine huyaita nyungo, yapokeayo satelaiti katika masafa ya karibu gigaherzi 4. Ukubwa wao una sababu, na wanaoyaona kuwa ya kizamani hawakuisikia sababu hiyo: mvua ya masika hulimeza wimbi la sentimita 2.5, litumiwalo na madishi madogo, hata picha ikapotea katikati ya taarifa, lakini wimbi la sentimita 7.5 hupita kati ya matone karibu bila ya kudhurika. Mbele ya dishi, pale miguu mitatu au minne inapokutana, hukaa kile kichwa ambacho mafundi hukiita LNB, na kinywa cha LNB hiyo ni pembe. Na kuizunguka pembe hiyo kuna pete ya chuma yenye matuta na mifereji ya kuzunguka, iwezayo kusogezwa mbele na nyuma ikakazwa kwa parafujo. Pete hiyo ndiyo pembe yenye mwali wa kurekebishwa, ile ile waitafutayo wataalamu kwa vidude na metali iliyo maji, nayo iko juu ya dari zetu, haina umeme, haili wimbi hata chembe.

Kazi yake ni hii. Pembe yapasa kulimulika dishi lote, yaani kupokea kutoka kila sehemu yake, wala isivuke ukingo wake. Mwali ukiwa mwembamba, ukingo wa dishi hubaki gizani, na mwenye dishi la sentimita 180 huwa kama mwenye dishi dogo zaidi, ijapokuwa alilipia na kulibeba lile kubwa. Mwali ukiwa mpana, humwagika nje ya ukingo, na nyuma ya ukingo wa dishi liangalialo juu iko ardhi, na ardhi ni kelvini 300. Katika lebo ya LNB nyingi za masafa haya huandikwa kelvini 15 au 17, nayo ndiyo kelele yake yenyewe, na wanunuzi huchagua namba iliyo ndogo. Ilhali mwali ukimwagika asilimia 5 tu nje ya dishi, ardhi huongeza kelvini 15, na ubora ulionunuliwa dukani hupotea darini. Wastani uliokubaliwa na wasanifu ni kwamba nguvu inayofika ukingoni iwe karibu sehemu moja katika kumi ya ile ya katikati.

Lakini madishi hayalingani. Yako yenye kina kama bakuli, na yako bapa kama sinia. Bakuli lina kitovu cha kukusanyia kilicho karibu, na pembe iliyo hapo hulitazama likiwa limetanda mbele yake, nayo yahitaji mwali mpana. Sinia lina kitovu kilicho mbali, na mwali mwembamba hulitosha. Pete ikirudishwa nyuma, kinywa cha bomba kikachomoza zaidi mbele yake, mwali hupanuka. Ikisogezwa mbele mpaka iwe sawa na kinywa, mwali hubanwa. Nayo hesabu ya kujua ni wapi pete ikazwe haishindi akili ya mtoto wa shule. Funga uzi kutoka ukingo hadi ukingo, ukipita katikati ya dishi, upime kipenyo. Kisha pima kina kutoka kwenye uzi hadi chini kabisa. Kipenyo kipigwe kwa chenyewe, kigawanywe kwa kina kilichopigwa mara 16, na jawabu ni umbali wa kitovu. Dishi lenye kipenyo cha sentimita 180 na kina cha sentimita 30 lina kitovu kwenye sentimita 67.5, na kitovu hicho yapasa kiangukie ndani kidogo ya kinywa cha pembe. Ukigawanya 67.5 kwa 180 utapata 0.375, na katika pembe nyingi zilizotengenezwa vizuri namba za namna hiyo, kuanzia karibu 0.32 hadi 0.42, zimechorwa ubavuni, zikingojea pete ifikishwe mahali pake. Pembe ya dishi hilo lazima itande digrii kama 135 kutoka ukingo hadi ukingo. Dishi la 0.42 lingetaka digrii kama 123. Tofauti ni ndogo kwa macho, si ndogo kwa wimbi.

Nimewaona mafundi hodari, wepesi wa kupanda paa na wenye subira ya kuitafuta satelaiti juani saa nzima, wakiifunga LNB na kuisukuma pete mpaka ikakoma inapokomea, wakakaza parafujo, wakashuka. Na picha ikikatika huambiwa mwenye nyumba kwamba dishi lake ni dogo, anunue jingine. Siwalaumu. Pete huuzwa bila ya maelezo katika lugha yao, na vitabu vyetu vya ufundi vinanyamaza kuihusu. Vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki vingeweza kulifundisha jambo hili asubuhi moja, kwa dishi moja, uzi, rula na kipimo cha nguvu ya mawimbi, na mwanafunzi angeisogeza pete kwa mkono wake, akaiona namba ya kipimo ikipanda, ikafika kilele, ikaanza kushuka, akawa amejifunza kwa macho yake jambo lililowashughulisha Bose, Potter na Penzias.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi atakapokuja kwako na begi lake la spana, kabla hujamwonyesha ngazi mpe uzi na rula, na umwombe kwa adabu akuambie kina cha dishi lako ni sentimita ngapi.